Wazee watatu na ukumbi mmoja: kibao kiandikwe nini?

Swali: Mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, si mbali na Michenzani, kuna ukumbi mkongwe. Tunafanyia harusi, khitma na vikao vya kuweka na kukopa. Kamati imechanga tuupake rangi na tubandike kibao cha historia yake mlangoni. Tumewauliza wazee watatu. Wa kwanza anasema ulijengwa na Mwingereza. Wa pili anasema palikuwa klabu ya ngoma ya babu zetu. Wa tatu, aliyewahi kuwa kiongozi wa tawi, anashikilia kuwa ni jengo la chama lililojengwa kwa nguvu za wanachama. Nani mkweli, na tuandike nini? Mimi ni katibu wa kamati, na kibao wameniachia mimi.

Jibu:

Bi Katibu, msiwapigie kura wazee wenu. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Ng'ambo tangu zamani kiwanja kina mwenyewe, nyumba iliyosimama juu yake ina mwenyewe mwengine, na wanaoingia humo jioni kufanya yao ni watu wengine tena. Ukiuliza "ukumbi ni wa nani" bila ya kupambanua hayo, utajibiwa mara tatu na kila jibu litakuwa na mashahidi wake.

Anza na kiwanja, maana huko ndiko ugomvi mkubwa ulikoanzia. Ng'ambo ilikua upande wa pili wa ile pwani iliyokuwa ikiingia maji nyuma ya Mji Mkongwe, ambayo sasa imefukiwa na barabara inapita pale Darajani. Watu waliohamia huko, wengi wao watumwa walioachiwa huru, vibarua, mafundi, wachukuzi na watu wa mashamba waliokuja kutafuta riziki mjini, walijenga vibanda vyao kwenye ardhi ya matajiri na ardhi ya wakfu. Kibanda kikawa chako, ukakirithisha, ukakiuza, lakini chini yake si pako. Kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu. Wenye ardhi walipoanza kudai kodi ya viwanja na kuipandisha, watu wa Ng'ambo waliikataa, na mgomo wa 1928 ukawatia hofu wakubwa wa serikali. Ukisikia mzee anasema "klabu ile ilikuwa yetu" na mwengine anasema "si yenu, mlikuwa mnalipa kodi", jua kwamba hapo hawapingani. Jengo lilikuwa lao na kiwanja hakikuwa chao.

Mwaka 1964 ikatangazwa kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na sheria ya 1965 ikalithibitisha hilo. Tangu hapo habari ya kiwanja chenu ni fupi. Ila kwa miaka ya kabla yake, fikeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkaulize kama eneo hilo limo katika daftari zao. Wanakamati wengi hawalikumbuki hilo, wanakimbilia ofisi ya ardhi tu.

Sasa nije kwa mzee wa pili, wa klabu ya ngoma, kwa sababu yeye ndiye mara nyingi hupuuzwa kuliko wote. Ng'ambo ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa imejaa vyama: vya beni na gwaride zake, vya lelemama (ngoma ya wanawake), vya dufu na maulidi, vya mpira, vya kuzikana. Chama kilihitaji pahala pa kuweka ngoma na sare, pa kufanyia mazoezi, pa kukutania mwanachama akifiwa. Michango ilikusanywa, na huyo aliyekuwa hodari wa kukusanya ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama, hata kama hakujua kupiga ngoma. Klabu za mpira nazo hazikuwa za mpira peke yake. Wanachama wa African Sports Club walikuwamo katika kuundwa kwa Jumuiya ya Waafrika ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1934, na jumuiya hiyo ndiyo mmoja wa wazazi wa Afro-Shirazi Party (ASP). Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa tulikuwa tunacheza tu", mwache aendelee kuzungumza. Siasa itatoka yenyewe.

Usisahau wanawake. Siti binti Saad na wenzake walikutana usiku kwa usiku nyumbani kwake Ng'ambo, si kwenye ukumbi wa mtu. Baadaye vikatokea vyama vya taarab vya wanawake, kama Nuru el Uyuni na Sahib el Ari, na ushindani wao ulikuwa hauna mchezo. Vyama kama hivyo mara nyingi makao yake yalikuwa nyumba ya mwanachama mmoja mwenye nafasi na mwenye sauti. Katika wazee wenu watatu sioni hata bibi mmoja. Waswahili wa mjini tunajua fika kwamba aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi mara nyingi ni mke wa mtu au mama wa mtu, na wakati wa harusi ndiye aliyeamua nani aingie na nani asubiri nje. Watafuteni mabibi wawili watatu kabla hamjaandika chochote. Na msiwaulize mwaka. Waulizeni walivaa nini, walishona wapi, nani aliwatukania mashairi. Mwaka mtaupata kwa hayo.

Mzee wa kwanza, wa Mwingereza, ndiye ninayemtilia shaka zaidi. Simdhanii uongo, lakini Waingereza kumbi za mitaa Ng'ambo hawakuzijenga nyingi. Kwa miongo mingi serikali ya wakati huo iliutazama upande ule kwa jicho la kodi na la afya tu: matundu ya vyoo, moto, maji. Mpango wa mji wa Lanchester, wa 1923, uliishughulikia Ng'ambo kwa ramani lakini sehemu kubwa ya yaliyoandikwa yalibaki kwenye karatasi. Mambo yalibadilika kidogo miaka ya 1940, baada ya Eric Dutton kuwa Katibu Mkuu wa serikali. Ndipo fedha za maendeleo ya makoloni zilipoelekezwa Ng'ambo na likajengwa jumba la Rahaleo, ambalo wao waliliita Sivik Senta.

Hilo jumba ndilo linalowachanganya watu. Rahaleo lilikuwa jengo la kuonekana: saruji, nafasi, ukumbi mpana, mahala ambapo serikali ilitaka watu wa Ng'ambo wakutane mbele ya macho yake na kwa utaratibu wake. Sauti ya Unguja, redio ya serikali, ilipoanza kutangaza mwaka 1951, watu wa Ng'ambo wakawa na redio jirani na nyumba zao. Vikundi vya taarab vikawa vinakwenda Rahaleo kurikodi, na mtoto wa mtaa alipata kumsikia jirani yake redioni. Kwa kijana wa wakati ule, "ukumbi wa Mwingereza" ulikuwa huo. Miaka sitini baadaye, kumbukumbu huteleza, na sifa ya jumba kubwa hushukia kwenye ukumbi mdogo wa mtaani. Nimeyasikia haya kwa mitaa zaidi ya mmoja.

Na ujue Dutton alichokitaka na kilichotokea ni mbali mbali. Alfajiri ya 12 Januari 1964, baada ya kuvamiwa vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, redio nayo ikashikwa, na sauti ya John Okello, aliyewaongoza wapinduzi, ikasikika kisiwa kizima. Kwa siku zile za mwanzo Rahaleo ndiyo ikawa makao ya Mapinduzi. Huko pia ndiko walikokusanywa na kuzuiliwa watu wengi, na baadhi yao ni jamaa za wazee wa mtaa wenu. Hili nalisema kwa makusudi: mkimuuliza mzee habari za 1964 akanyamaza au akageuza mazungumzo, msimlazimishe, na msiandike kwamba "hakumbuki".

Kuna njia ya kumpima mzee wa kwanza bila ya kumkosea adabu. Ingieni ndani mkatazame juu. Nyumba za kale za mawe na chokaa zilitandikwa boriti za mikandaa, na boriti hizo hazina uwezo wa kuvuka upana mkubwa; ndiyo maana vyumba vyake vingi upana wake hauzidi kiasi cha mita tatu. Klabu za Ng'ambo za fito na udongo zilikuwa na nguzo katikati, paa la makuti, na baadaye mabati au madebe ya mafuta yaliyopasuliwa. Ukumbi wenu kama unaweza kukaa watu mia bila ya nguzo hata moja katikati, basi paa lake limekaa juu ya kenchi, yaani fremu za kubebea paa, za mbao au za chuma. Hizo hazikuwamo kwenye jengo la kwanza la maskini wa Ng'ambo. Tazameni kenchi zimefungwa kwa bolti au kwa misumari. Tazameni ukuta wa kichwa cha jengo: mara nyingi utaona mstari wa paa la zamani lililokuwa na mteremko mkali zaidi, kwa sababu makuti yanataka mteremko kuliko bati. Na tazameni sakafu. Kama katikati kuna viraka vya saruji vya duara, safu moja, nafasi sawa sawa, hapo palikuwa na nguzo, na jengo lenu ni kongwe kuliko paa lake.

Kabla ya kupaka rangi, nakuombeni jambo moja. Fungueni mlango mkubwa, ukwangueni upande wa ndani wa fremu, nyuma ya bawaba, kwa kisu, kipande kidogo tu cha upana wa kidole. Fundi wa rangi hafiki pale, kwa hiyo tabaka zote hubakia. Kijani na njano mtaziona, hizo ni za baada ya 5 Februari 1977, ASP na TANU zilipoungana kuwa CCM. Iliyo chini yake ndiyo ya kuhesabu. Pigeni picha kila tabaka, tena kwa mwanga wa mchana.

Mzee wa tatu sasa, wa tawi. Huyu ana haki kubwa kuliko vijana wanavyompa. Zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi ule wa Julai 1963, kila mtaa wa Ng'ambo ulitaka tawi, na tawi likataka paa. ASP ilikuwa imeundwa Februari 1957, na wapinzani wao wa Hizbu (ZNP) nao walikuwa na matawi yao. Watu walibeba mchanga baada ya kazi, wanawake wakapika, mafundi wakajitolea. Lakini wengi hawakuanza kutoka kwenye kiwanja kitupu. Walikuwa tayari na klabu, na tawi likaingia ndani ya klabu ile ile: wanachama wale wale, mwekahazina yule yule, ngoma zikasogezwa pembeni ili meza ya kadi za uanachama ipate kukaa. Kundi la taarab linaloitwa leo Culture Musical Club lilianza mwaka 1958 ndani ya Shime Kuokoana, umoja uliokuwa karibu na ASP, na baada ya Mapinduzi likaingia chini ya serikali upande wa utamaduni. Ikhwani Safaa ya 1905, iliyo kongwe kuliko zote, watu wakaizoea kwa jina la Malindi. Mambo ya starehe na mambo ya siasa Unguja hayakukaa vyumba mbali mbali.

Kwa hiyo "jengo la chama lililojengwa kwa nguvu za wanachama" linaweza kuwa kweli tupu, na bado klabu ya ngoma ikawa ya kabla yake. Nguvu za wanachama huenda zilikuwa ni kuondoa udongo na kuweka matofali, kung'oa makuti na kupandisha kenchi. Muulizeni hivyo: "Mlipoanza kujenga, mlibomoa nini?" Nimeshaona mzee aliyekuwa amekaza shingo nusu saa, akaulizwa hilo, akacheka, akaanza kuitaja klabu ya zamani kwa jina na mpaka nyimbo zake.

Hapo pia lipo jambo ambalo kibao chenu kitaingia nalo matatani msipokuwa waangalifu. Kutoka 1964 hadi 1992 chama kilikuwa kimoja. Mtu aliyechangia tofali mwaka 1970 alikuwa akichangia mtaa, serikali na chama kwa mkono mmoja. Vyama vingi viliporudi 1992, majengo yakabaki kwa aliyekuwa na hati au aliyekuwa na ufunguo, na waliochangia wakajikuta wengine nje. Mimi naona, na hili ni la kwangu, kibao cha mtaa hakina haja ya kuliamua suala hilo. Neno "mali ya" lisiingie kabisa. Andikeni nani alijenga na lini, kama mnao ushahidi. Umiliki ni kazi ya hati.

Jambo la mwisho la kuchunguza ni kama ukumbi wenyewe umewahi kuhama. Mnakaa karibu na Michenzani. Kwa mpango wa mji uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, nyumba nyingi zilivunjwa kupisha yale majumba marefu na njia zake. Vyama vingi vilihamia mtaa wa pili na jina lao, bendera yao na ngoma zao. Mzee wa klabu anaweza kuwa anakumbuka klabu sahihi katika kiwanja kilichopo sasa chini ya jumba. Chukueni ramani za kabla na za baada, mpango wa mji wa Kendall wa 1958 na huo wa 1968, mziweke pamoja mezani mbele yake. Mwacheni aweke kidole chake.

Ramani na majalada ya zamani yapo Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, Kilimani. Nendeni na barua ya kujitambulisha, na msiombe "historia ya ukumbi wetu", maana jalada la jina hilo hamtalipata. Ombeni majalada ya Sekretarieti, yale yanayoanza na herufi AB, yanayohusu vyama na klabu, ruhusa za ngoma, viwanja na mipango ya Ng'ambo. Ruhusa za ngoma ni hazina: chama kikitaka kupiga ngoma usiku kiliomba, na katika ombi kilitaja mahala. Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1892, lina matangazo mengi ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Magazeti ya wakati ule, Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na Samachar, kila moja liliandika habari za watu wake, kwa hiyo mtaa mmoja utausoma mara nne na kila mara utakuwa mtaa mwengine. Muulize na redio kuhusu kanda za zamani za Rahaleo. Juu ya kasha la kanda huandikwa kikundi na tarehe, na huo ni ushahidi wa mwaka kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Picha nazo. Kila harusi ya miaka ya 1960 na 1970 ilipigwa mbele ya kitu. Waambieni watu wa mtaa walete albamu zao, na wala msitazame maharusi. Tazameni nyuma yao. Mlango, dirisha, mabati, kibao cha zamani pengine. Ziskanini hapo hapo wenyewe wakiwepo, mkawarudishie mkononi. Picha iliyobebwa "tutakuletea kesho" hairudi, na mwaka mwengine hakuna atakayekufungulia sanduku.

Kuhusu maneno ya kibao, kama uchunguzi wenu utatoa ninachokitarajia, ningeandika hivi:

"Kabla ya Mapinduzi mahala hapa palikuwa na klabu ya ngoma ya watu wa mtaa. Wanachama wa ASP wa mtaa huu walijenga upya ukumbi kwa kujitolea. Tangu hapo umetumika kwa mikutano, harusi, khitma, taarab na kazi za kina mama."

Jina la klabu litangulie kama mmelipata, na mwaka muuandike pale tu mlipo na karatasi, picha au kanda ya kuuthibitisha. Msipokuwa nayo, "kabla ya Mapinduzi" inatosha, hakuna atakayekucheka. Mwingereza msimtaje mpaka jalada la Kilimani limtaje. Na fundi wa kibao mwambieni aache nafasi chini, kiasi cha mistari miwili, kwa sababu mara tu kitakapotundikwa, bibi mmoja atapita akisome, asimame, aseme, "Hii si kweli yote." Huyo mkaribisheni ndani, mumtilie chai, na simu iwe tayari kurikodi, kwa idhini yake.